Je, Mungu Anabariki Mkeka?

Somo la wiki kwa darasa la watu wazima na ushirika wa nyumbani

Maandiko ya kusoma kabla ya somo: Isaya 65:11-12, Mithali 13:11, Yohana 19:23-24, Waefeso 4:28

Wiki hii tunaingia katika jambo ambalo karibu kila mtu analijua na karibu hakuna anayelisema kanisani. Shuka stendi ya Muthurwa Jumamosi saa sita mchana, kabla mechi za Uingereza hazijaanza. Utaona makanga, wachuuzi wa mitumba, vijana wa mkokoteni, hata mama wa vitunguu, vichwa vyote vimeinama kwenye simu. Hawasomi ujumbe wa nyumbani. Wanapanga mkeka. Na tusidanganyane, wapendwa: baadhi yao Jumapili tunakaa nao benchi moja, na wengine wanasimama mbele kutuongoza katika sifa.

Walimu wa ushirika wameletewa maswali, na yakikusanywa yanakuwa matatu. La kwanza: ni andiko gani linalosema kubeti ni dhambi? La pili: je, ninaweza kuombea mkeka wangu? La tatu ni lile ambalo huulizwa kwa sauti ya chini baada ya ibada: nikishinda, nitoe fungu la kumi? Tutayajibu yote, lakini hatutayajibu kwa haraka, kwa maana majibu ya haraka ndiyo yaliyofanya vijana waache kutuuliza.

Biblia haijataja kubeti kwa jina

Tuanze kwa ukweli. Hakuna amri inayosema "usibeti." Mhubiri akikuambia ipo, mwombe akuonyeshe sura na mstari. Tena mtu mjanja atakujibu kwamba hata watu wa Mungu walipiga kura: nchi ya Kanaani iligawanywa kwa kura (Yoshua 18:10), mabaharia walipiga kura ikamwangukia Yona (Yona 1:7), na mitume wenyewe walipiga kura Mathiya akachukua nafasi ya Yuda (Matendo 1:26). Sasa tutamjibu nini?

Tutamwambia aangalie kile ambacho hakimo katika kura hizo. Hakuna aliyeweka pesa mezani. Yusufu Barsaba hakupoteza karo ya watoto kwa sababu kura ilimwangukia Mathiya. Kabila la Benyamini halikula shamba la kabila la Dani. Kura ilikuwa njia ya watu kuondoa mikono yao, upendeleo usiingie, na Bwana aamue, kama Mithali 16:33 inavyofundisha. Kubeti ni kinyume chake. Katika kubeti mtu anaingiza mkono, na anauingiza mfukoni mwa mwingine.

Iko kura moja katika Biblia iliyo karibu na jambo letu. Soma Yohana 19. Askari wamemsulubisha Bwana, wamegawana nguo zake, limebaki lile vazi lisilo na mshono. Wanaona hasara kulichana, basi wanalipigia kura. Sitaki tulivute andiko kuliko linavyosema. Lakini angalia picha ile. Mtu anavuja damu juu, na chini yake watu wanangoja kuona nani ameangukiwa na nguo. Hawakuwa na chuki naye, pengine hata hawakumjua. Macho yao yalikuwa kwenye kura tu. Mtu anaweza kuwa hatua mbili kutoka msalabani na asiuone kwa sababu anangoja matokeo.

Meza ya pili

Andiko ambalo wengi hatulisomi ni Isaya 65:11. Nabii anawakemea watu waliomwacha Bwana wakaandaa meza kwa ajili ya miungu miwili ambayo Kiebrania kinaiita Gadi na Meni. Majina hayo maana yake ni Bahati na Ajali, yaani lile ambalo mtu amekadiriwa. Waliijazia divai, wakaiandalia chakula, ili mambo yawaendee vizuri.

Watu hao hawakuwa wapagani wa mbali. Walikuwa na hekalu, walikuwa na sikukuu, walimjua Bwana kwa jina lake. Waliongeza tu meza ya pili. Meza ya Bwana kwa ajili ya wokovu, meza ya Bahati kwa ajili ya kodi ya nyumba. Si unaona inavyofanana? Jumapili ninaimba kwamba Yehova Yire ananipa mahitaji yangu, halafu Jumatano usiku ninaingia kwenye simu nikitafuta mtoaji mwingine. Ukimuuliza mtu huyo atakwambia hajamwacha Mungu. Ni kweli, bado yuko kanisani. Lakini tumaini lake la mwisho wa mwezi liko wapi? Anaamka asubuhi, kitu cha kwanza anachoangalia ni nini?

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni kwamba dhambi ya kamari haikutajwa kwa jina lake kwa sababu ina majina mengine tunayoyajua: ibada ya Bahati, tamaa ya mali ambayo Paulo anamwonya Timotheo juu yake (1 Timotheo 6:9-10), na jingine tutakalolifikia, nalo ni kumla jirani.

Mwenye meza hapotezi

Muthurwa ni mahali pa biashara. Hapa mtoto wa darasa la nne anajua kupiga hesabu ya faida. Basi tuipige hesabu hii kama wafanyabiashara.

Tuseme kuna mechi ambayo nafasi ya kupata na kukosa ni nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Mchezo ungekuwa wa haki, ukiweka shilingi 100 na kushinda ungelipwa 200. Lakini kampuni haikuandikii 2.00. Inaandika, kwa mfano, 1.85. Sasa weka mia moja mara kumi, ushinde mara tano, ukose mara tano. Umetoa 1,000, umerudishiwa 925. Hakuna aliyekuibia, hakuna aliyekudanganya, na 75 zimebaki kwa mwenye meza. Kesho atazipata tena, kutoka kwako na kutoka kwa maelfu wengine.

Sasa funga mechi tano kama hizo katika mkeka mmoja. Lazima zote zikubali, moja ikikataa mkeka umechanika. Nafasi yako ni moja kati ya 32. Malipo, ukizidisha 1.85 mara tano, ni kama mara 21.67 ya pesa yako. Ukiweka mia moja mara 32 umetoa 3,200. Ukishinda ile mara moja unapata 2,167. Zile 75 za kila elfu sasa zimekuwa zaidi ya 320 kwa kila elfu. Ndiyo maana wanakusifu ukirefusha mkeka! Kila mechi unayoongeza ni mkono mwingine wa mwenye meza ndani ya sahani yako.

Na jakpoti kubwa ya mechi 17? Kila mechi ina njia tatu: wenyeji washinde, watoke sare, au wageni washinde. Tatu mara tatu mara kumi na saba inakuwa mipango 129,140,163. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya kama milioni 47.6. Andika jina la kila mmoja wao kwenye kikaratasi, liandike zaidi ya mara mbili na nusu, tia vyote kwenye gunia, halafu chomoa kimoja ukiwa umefumba macho. Anayejua mpira anaipunguza kazi hiyo kidogo, sikatai. Lakini ujuzi wake ni wa kupunguza mlima kwa kijiko.

"Lakini watu hushinda!" Hushinda, kweli. Mei 2017 Samuel Abisai alishinda zaidi ya shilingi milioni 221 za jakpoti ya SportPesa, na picha yake tukaiona magazetini. Swali la mfanyabiashara ni hili: pesa hizo zilitoka wapi? Hakuna mahindi yaliyovunwa. Hakuna nguo iliyoshonwa. Mama akiuza vitunguu Marikiti, yeye anaenda nyumbani na pesa na mnunuzi anaenda nyumbani na kitunguu, wote wawili wamepata. Katika kamari pesa haizai chochote katikati, inahama tu. Magazeti yaliandika jina la mshindi. Hayakuandika majina ya waliomlipa, maana yangejaza kurasa nyingi, na mengine ni ya majirani zetu.

Wakongwe mnakumbuka pata potea, yule bwana wa karata tatu kando ya barabara na wenzake wawili wanaojifanya wateja. Tulijua ni mtego, na wazazi walitukataza kusimama hapo. Leo bwana yule amevaa suti, ana leseni na anatangazwa redioni, kwa hiyo tumesimama.

Waliochelewa kuiona hatari

Mambo haya hayakuanza jana. Sheria ya kamari nchini iliandikwa 1966, wakati wa kasino na tikiti za bahati nasibu. Mtu alilazimika kuvaa viatu na kutoka nyumbani ili acheze. Kilichobadilisha kila kitu ni simu. M-Pesa ilikuja 2007, kampuni za kubeti kwa simu zikaenea kuanzia katikati ya muongo uliofuata, na mwaka 2019 ikaja Fuliza, ambayo inakuruhusu kutuma pesa ambazo huna. Weka vitu hivyo vitatu pamoja na utaelewa jinsi mtu anavyoweza kulala kitandani karibu na mke wake, taa imezimwa, akamaliza mshahara ambao bado haujaingia.

Uchunguzi wa GeoPoll wa 2017, uliofanywa kwa simu kati ya vijana wa miaka 17 hadi 35 katika nchi kadhaa za Afrika, uliikuta Kenya mbele: asilimia 76 ya waliohojiwa hapa walisema wamewahi kubeti. Julai 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, na kufikia mwisho wa Septemba kampuni kubwa za SportPesa na Betin zikasimamisha kazi. Makanisa mengi yalishangilia. Lakini waliokuwa wakibeti hawakuacha, walihamia kampuni nyingine, na baadaye SportPesa yenyewe ikarudi. Aprili 2025 matangazo ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30, na Agosti mwaka huohuo Rais akatia saini sheria mpya kuchukua nafasi ya ile ya 1966. Tuiombee serikali, ni agizo. Lakini waziri anaweza kufunga laini ya malipo, hawezi kufunga tamaa ndani ya mtu.

Tena mchezo wenyewe umebadilika. Zamani mtu alingoja dakika 90. Sasa kuna ile ndege inayopaa kwenye simu, namba inapanda nayo, na unatakiwa kutoa pesa zako kabla haijatoweka. Raundi inaisha kwa sekunde chache na nyingine inaanza. Hakuna mpira, hakuna mchezaji, ni kompyuta inachagua. Wanaokuuzia "kodi" ya kujua ndege itaondoka lini, na wale wa vikundi vya simu wanaouza "mechi za uhakika," jiulize jambo moja tu: kama anajua, kwa nini anahitaji mia tatu zako?

Msiwaite wavivu

Hapa nataka tupunguze sauti kidogo, hasa sisi wazee. Imekuwa kawaida kusema kwenye mimbari kwamba vijana wanabeti kwa sababu ni wavivu. Mtu anayevuta mkokoteni wa viazi kutoka Marikiti hadi Gikomba, akapita Landhies Road katikati ya matatu, jua la saa saba linamchoma, huyo si mvivu. Mpige picha kabla ya kumhubiria. Amefanya kazi siku nzima, amelipa mwenye mkokoteni, amekula, na kilichobaki hakiwezi kuwa kitu chochote. Hakiwezi kuwa shamba, hakiwezi kuwa stoo, hakiwezi hata kuwa kodi. Lakini kinaweza kuwa mkeka. Kampuni ya kubeti imempa kitu ambacho hakuna benki iliyompa: nafasi ya kuota kwa shilingi hamsini.

Na watu wa Muthurwa wana sababu zao za kutoamini akiba ya polepole. Nyumba hizi zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Mwaka 2010 wapangaji walipewa notisi ya siku 90 wahame, mashine zikaja, na kesi yao ikafika Mahakama Kuu hadi hukumu ya Agosti 2013. Mtu aliyepitia hayo, au aliyelelewa na waliopitia, ukimwambia akusanye kidogokidogo kama Mithali 13:11 inavyoshauri, anaweza kukuuliza: nikusanye niweke wapi, na kesho sijui nitalala wapi?

Ni swali la haki. Kanisa lisipolijibu kwa vitendo, mahubiri dhidi ya kamari yatakuwa kelele tu. Lakini kijana, nisikie na wewe pia. Shida yako ni ya kweli, dawa uliyochagua ndiyo ya uongo. Kampuni haikukuonea huruma. Ile hamsini yako ya jasho imeenda kwa watu wasioujua mkokoteni. Yakobo 5:4 inasema mshahara uliozuiliwa wa mvunaji unalia na kilio kinafika masikioni mwa Bwana. Matajiri wale waliuzuia mshahara wa mfanyakazi. Kamari imepata mbinu mpya, mfanyakazi anaupeleka mwenyewe.

Hili ndilo jina la tatu la dhambi hii, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Waefeso 4:28 inamwambia aliyekuwa mwizi aache, afanye kazi kwa mikono yake, ili apate kitu cha kumpa mwenye uhitaji. Angalia safari hiyo: kutoka mkono unaochukua hadi mkono unaotoa. Kamari inakurudisha nyuma. Ili nishinde, lazima wengi washindwe. Nikiinua mikono nikisema "Asante Yesu, mkeka umekubali," nimemshukuru Mungu kwa sababu mwana wa mtu fulani Kaloleni hakulipiwa karo. Sikuiona sura yake, ndiyo. Kwani mwizi wa usiku huona sura?

Kuombea mkeka

Sasa swali la pili ni jepesi. Gor Mahia wanacheza na AFC Leopards. Ndugu mmoja hapa kanisani ameweka elfu moja kwa Gor, mwingine ameweka elfu moja kwa Ingwe, na wote wawili wamefunga na kuomba. Mungu afanye nini? Amnyang'anye mtoto huyu ampe yule? Maombi ya namna hiyo yanamgeuza Baba kuwa hirizi. Kushangilia timu ni sawa, Mungu hana neno na furaha yako uwanjani City Stadium. Lakini usimwombe abariki kitu ambacho baraka yake kwako ni hasara kwa ndugu yako.

Na hapa lazima tujiangalie wenyewe, watu wa Pentekoste. Roho hii ya kamari imeingia makanisani ikiwa imevaa joho. Tumesikia mahubiri, na si mbali: panda mbegu ya elfu moja leo, kabla ya Ijumaa utavuna mara mia. Mwenye imani kubwa apande kubwa. Mama anatoa pesa ya mtaji wa mboga, Ijumaa inapita, anaambiwa imani yake ilikuwa ndogo. Nitofautishieni hiyo na mkeka. Yote mawili yanaahidi kingi kwa kidogo, kwa haraka, na mwenye meza hapotezi. Sadaka ya Agano Jipya ni shukrani na upendo, kila mtu kwa jinsi alivyokusudia moyoni (2 Wakorintho 9:7). Mungu hubariki mtoaji, ninaliamini hilo kwa moyo wote. Lakini anayetoa ili azidishiwe kabla ya Ijumaa hajatoa, amebeti. Hatuwezi kuwakemea vijana wa stendi huku tumeiweka meza ya Bahati karibu na mimbari.

Fungu la kumi la jakpoti

Swali la tatu linagawa hata wachungaji. Wako wanaosema pesa haina dhambi, ilete madhabahuni itakaswe, shetani ameitumia vya kutosha. Maneno hayo yana utamu, hasa paa likivuja. Mimi nasimama upande mwingine, na sababu zangu ni za Maandiko.

Torati ilikataza mshahara wa kahaba kuletwa nyumbani mwa Bwana kulipia nadhiri (Kumbukumbu la Torati 23:18). Hata makuhani wakuu waliomnunua Yesu, Yuda alipozitupa zile fedha, walijua haiwezekani kuzitia katika sanduku la hazina kwa kuwa zilikuwa bei ya damu (Mathayo 27:6). Yaani hao, wenye makosa yao yote, walikuwa na mpaka! Na Daudi, alipotaka uwanja wa kupuria wa Arauna, alikataa kumtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu (2 Samweli 24:24). Pesa ya jakpoti haikukugharimu wewe, iligharimu wengine.

Novemba 2024 Jimbo Kuu la Katoliki la Nairobi liliagiza pesa alizotoa Rais katika kanisa la Soweto, hapa hapa Eastlands, zirudishwe. Haikuwa habari ya kamari, ilikuwa siasa, na tusiichanganye. Ninaitaja kwa sababu ilionyesha kwamba kanisa linaweza kusema hapana kwa bahasha na likaendelea kuishi. Kanisa likipokea fungu la kumi la mkeka, wiki inayofuata mchungaji atafundishaje somo hili? Atakohoa, atalipita.

Basi mtu aliyeshinda kisha Roho akamhukumu afanye nini? Asome Luka 19:8. Zakayo hakuanza na hekalu. Alianza na maskini na wale aliowadhulumu. Lipa kwanza deni la mkeo, lile uliloficha. Rudisha pesa za chama ulizokopa ukisema ni za hospitali. Lipa karo. Kinachobaki mpe mwenye uhitaji, kimyakimya, bila kupigiwa makofi kanisani.

Mtu anayetaka kutoka

Kuna ndugu anayesoma somo hili na moyo unamdunda. Ameapa mara nyingi. Amefuta programu kwenye simu Jumatatu akairudisha Alhamisi. Ndugu yangu, aliye ndani ya shimo haombi kuchimba zaidi. Ile sauti inayosema "moja tu ya kurudisha nilichopoteza" ndiyo mnyororo wenyewe. Kilichopotea kimepotea, kilie, kisha kiache.

Mwambie mtu mmoja leo, kama Yakobo 5:16 inavyotuelekeza kuungamiana. Si lazima usimame mbele ya kanisa zima. Mwambie mzee wa kanisa unayemwamini, au mkeo, au mumeo, maana kina dada pia wamo, tusijifanye hatujui. Iombe kampuni ifunge akaunti yako kabisa. Jiondoe Fuliza na mikopo ya simu hata kama itauma. Mpe mwenzako jukumu la kushika pesa kwa miezi kadhaa, nambari ya siri ya M-Pesa ibadilishwe naye. Hiyo si aibu ya mwanaume, ni sawa na mtu aliyevunjika mguu kutumia gongo.

Kwa familia: usimtukane siku anayokiri. Umeumizwa, ndiyo, na hasira yako ina haki yake, lakini siku hiyo mshike mkono tu. Maswali ya pesa yatakuja kesho. Na mtu akianza kusema afadhali nife, usimwache peke yake hata saa moja na usimwambie ni pepo tu. Omba naye, ukiwa unampeleka hospitali. Mathari wako madaktari wa mambo haya, na Mungu hutumia madaktari.

Kwa kanisa: mashemasi wameombwa walete pendekezo la mfuko mdogo wa mikopo bila riba kwa vijana wa mkokoteni na wachuuzi, wenye wadhamini kutoka ushirika wa nyumbani. Mkokoteni wako mwenyewe ni kitu tofauti sana na mkokoteni wa kukodi. Mwenye ujuzi wa vyama na hesabu ajitokeze.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani

Mwaka huu umepoteza au kushinda kiasi gani kwa kubeti? Usiseme jumla kwa sauti kama hutaki. Fungua taarifa za M-Pesa, ipige hesabu mwenyewe kabla ya kikao.

Je, ushirika wenu ungekuwa na shilingi 20,000 tu, mngemsaidia nani hapa Muthurwa aache mkeka, na kwa njia gani?

Ndugu amepata kazi ya kuuza au kutangaza katika kampuni ya kubeti, na ana watoto watatu. Mtamshauri nini, na mtamsaidiaje akiiacha?

Someni 2 Wakorintho 8:13-15. Paulo anazungumzia kusawazisha, aliyepata kingi asizidiwe na aliyepata kidogo asipungukiwe. Linganisheni na namna pesa zinavyotembea katika jakpoti.